Muhuri, Kalavati na Mstari: Kuandika Tamthilia ya Siasa za Mji Mdogo Uganda

Anza na kalavati. Mabomba manane ya zege, kila moja urefu wa mita moja na tundu la milimita 600, yanatakiwa kulazwa chini ya barabara ya sokoni ambayo kila Aprili hujaa maji. Kwenye karatasi yameandikwa manane. Jioni lori linafika, watoto wanahesabu matano. Hapo tayari una tamthilia ya sehemu 26, na hakuna aliyetaja uchaguzi.

Kosa la kwanza la waandishi wanaopewa kazi ya namna hii ni kukimbilia kampeni: mabango, mikutano, vijana juu ya boda boda, fulana za bure. Kampeni inapendeza machoni lakini haidumu. Uchaguzi wa mabaraza huja mara moja kila miaka mitano. Ule wa vijiji, LC1 (LC ni kifupi cha Local Council, yaani baraza la mtaa), uliofanyika Julai 2018, ulikuja baada ya watu kusubiri miaka 17. Tamthilia inayorushwa kila wiki haina muda huo. Inahitaji ugomvi unaojirudisha wenyewe kila Jumatatu asubuhi, na katika mji mdogo wa Uganda ugomvi huo unatoka kwenye sahihi. Nani anasaini, nani anagonga muhuri, nani kaondoka na faili, na kesho hao hao watakutana wapi: msibani, kanisani, msikitini, au kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi.

Kwa hiyo kabla ya kubuni mhusika hata mmoja, mwandishi ajifunze ngazi za utawala mpaka aweze kuzitaja usingizini. Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ndizo zilizoziweka. Chini kabisa ni kijiji, ambacho ndani ya mji huitwa seli: LC1. Juu yake ni parishi, ambayo mjini huitwa wadi: LC2. Kisha baraza la mji lenyewe, LC3, na juu kabisa wilaya, LC5. Pembeni ya ngazi hizo za kuchaguliwa wapo watu wa kuajiriwa na wa kuteuliwa: karani wa mji anayeshika fedha, ofisa mtendaji mkuu wa wilaya ambaye kila mtu humwita CAO, na RDC, mwakilishi wa Rais katika wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Mchaguliwa ana kura bila fedha, mwajiriwa ana fedha bila kura, na mteuliwa hana kati ya hivyo viwili, ila simu yake inapokewa. Ukiweka watu hao watatu kwenye chumba kimoja chenye viti viwili, onyesho linajiandika.

Safari ya kalavati

Ifuate kalavati yetu hatua kwa hatua, maana hapa ndipo tamthilia inaponona.

Maji yamefunga barabara. Kikao cha seli kinakaa chini ya mwembe na kuandika ombi. Ombi linapanda kwenye wadi, linaunganishwa na maombi ya seli nyingine, linafika baraza la mji. Kamati ya baraza inalijadili, na hapo ndipo pa kwanza pa kuchezea: diwani (kansala, kama wanavyosema Uganda) wa upande wa pili wa mji anataka kalavati ihamie kwenye barabara inayopita karibu na duka la shemeji yake. Bajeti inapita. Ununuzi hauko mikononi mwa baraza. Unakwenda kwenye kamati ya mikataba ya wilaya, na madiwani hawaruhusiwi kukaa humo. Waandishi wengi hawalijui jambo hili, wakaishia kumwonyesha mwenyekiti akimpa rafiki yake zabuni mezani mbele ya kila mtu. Haiwi hivyo. Mwenye njaa ya zabuni lazima azunguke: amshike karani wa mji, amtishie kwa uhamisho, amtumie ujumbe kupitia mke wa mjumbe wa kamati, alete mbuzi kwenye harusi. Kuzunguka huko kunakupa sehemu tatu nzima.

Kisha mkandarasi analeta mabomba. Matano. Mhandisi lazima aandike kwamba kazi imekamilika ndipo karani alipe. Mhandisi ni kijana wa miaka 27 aliyepangishwa nyumba na mwenyekiti. Hana budi kuchagua, na chaguo lake lina tarehe ya mwisho: Juni 30. Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza Julai 1, na fedha ambazo hazijatumika zinarudi hazina. Ndiyo maana kila Juni miji midogo hujaa matingatinga na chokaa mbichi. Mwandishi akiipanga tamthilia yake ili kilele cha hadithi kiangukie wiki ya mwisho ya Juni, hahitaji kubuni bomu wala utekaji nyara. Mhandisi asiposaini, fedha zinarudi na barabara inabaki mto, na watu watamchukia yeye aliyekuwa mkweli. Akisaini, mabomba matano yanalazwa kwenye barabara inayohitaji manane, bega la barabara linabaki hewani, na mvua za Septemba zitalivunja.

Hadithi za namna hii zikichoka, kalenda ya mji ina nyingine. Leseni za biashara nazo zina tarehe ya kuisha, na baada yake huja siku za kufungiwa maduka. Mpango wa Maendeleo wa Parishi uliozinduliwa wilayani Kibuku mwaka 2022 unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka kupitia SACCO, na kaya iliyochaguliwa hukopeshwa milioni 1. Fikiria wadi yenye kaya 900 na orodha ya majina 100. Huhitaji mwovu mwenye sigara. Hesabu hiyo peke yake inagombanisha ndugu. Na kwa anayetaka tukio kubwa la kitaifa la kuigizia, rekodi za wazi zipo: mwaka 2011 nchi nzima ilizungumzia baiskeli 70,000 za wenyeviti wa LC ambazo fedha zililipwa na baiskeli hazikuonekana. Hadithi nzuri zaidi inayotoka humo ni ya mwenyekiti mmoja aliyekwisha kujenga kibanda cha kuwekea baiskeli yake.

Muhuri

Mwenyekiti wa LC1 ndiye mhusika mwenye utajiri mkubwa kuliko wote, na mara nyingi ndiye anayeandikwa vibaya. Huwa anafanywa mzee mchekeshaji mwenye kofia. Tazama kazi yake ilivyo. Anaongoza kamati ya watu 10. Kwa miaka mingi posho yake rasmi kutoka serikalini ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, yaani 10,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo anatakiwa aamue kesi ndogo, amtambulishe mgeni, aandike barua ya mtu anayeomba pasipoti, ashuhudie mauziano ya kibanja (kipande cha ardhi), aamshwe saa nane usiku kwa ajili ya mwizi wa kuku. Kila kimoja kinahitaji muhuri wake. Sheria haimpi bei ya muhuri, mtaa umempa. Mwandishi anayeelewa hilo hatamwandika kama mla rushwa tu wala kama mtakatifu. Atamwandika kama mtu mwenye kitu kimoja cha thamani ambacho hakimlishi mpaka akikosee heshima kidogo.

Ardhi ndiyo inayomweka pabaya zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi na kula. Mume anakuja na mnunuzi, na makubaliano yameandikwa vizuri, ila sahihi ya mke ina wino wa kalamu ile ile na mwandiko ule ule. Mwenyekiti anamjua mke. Wanachota maji kisima kimoja. Kamera ikae kwenye mkono ulioshika muhuri. Usimpe neno la kusema.

Muhuri pia unakupa maswali ya kiutendaji yanayoendesha sehemu nzima. Mwenyekiti akifa usiku, muhuri uko wapi? Makamu anasema ni wake. Katibu mkuu wa kamati anasema ni wa ofisi. Mjane anasema mtu asiingie chumbani mpaka arobaini ipite. Wakati huo kuna kijana anayetakiwa kupeleka barua ubalozini Ijumaa.

Hesabu za kura ambazo watazamaji hupenda

Watu wa miji midogo ni mabingwa wa kuhesabu, na tamthilia iwaheshimu kwa kuwapa hesabu za kweli. LC2 haichaguliwi na wananchi wote. Huchaguliwa na wajumbe wa kamati za LC1 za vijiji vya parishi hiyo. Parishi yenye vijiji 6 ina wapiga kura 60. Anayetaka ushindi anahitaji 31, na anawajua wote kwa majina, madeni na magonjwa. Andika onyesho ambalo mgombea anakaa na daftari la mwanafunzi na kalamu mbili, nyekundu na bluu, akipanga hao 60. Mtazamaji ataegemea mbele kuliko angeegemea kwenye hotuba yoyote.

Vivyo hivyo kumwondoa mwenyekiti wa baraza. Inahitajika theluthi mbili ya wajumbe wote, wote, hata waliolala nyumbani. Baraza la watu 18 linataka 12. Wapinzani wana 11. Mtu wa 12 ni diwani wa wazee, anaumwa goti, na pande zote mbili zinampelekea dawa. Kumbuka pia muundo wa baraza: theluthi moja ni wanawake kwa sheria, na wapo wawakilishi wa vijana, wa watu wenye ulemavu na wa wazee. Tamthilia zinazojaza ukumbi wa baraza kwa wanaume kumi wenye makoti zinakosea ukweli na zinajinyima wahusika.

Wahusika wangapi, na wa aina gani

Msimu wa kwanza wa sehemu 26 unabeba wahusika wakuu watano au sita, wa kati wanane hivi. Zaidi ya hapo mtazamaji aliyekosa wiki mbili hawezi kurudi.

Afrika Mashariki ina somo zuri la namna ya kuwapanga. Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Tanzania mwaka 1993, ulifuata mbinu iliyokuzwa Mexico katika miaka ya 1970: wahusika wa mfano mwema, wahusika wa mfano mbaya, na katikati wale wanaoyumba. Dereva wa lori Mkwaju alikuwa mfano mbaya, na watu walimsikiliza kwa hamu kwa sababu alikuwa na raha zake, marafiki wake, kiburi chake. Kwenye siasa za mji, anayeyumba ndiye anayebeba hadithi. Mhandisi wetu kijana anayumba, na mke wa mwenyekiti pia. Mwema asiyeyumba mpe nafasi ndogo. Baada ya sehemu ya nne hana jipya la kufanya.

Kila mhusika mpe riziki inayoonekana. Mkuu wa stendi ya boda boda ana daftari la michango ya kila siku. Mama wa dagaa (mukene, kwa walio wengi Uganda) ana kopo la kupimia ambalo sehemu yake ya chini imebonyezwa ndani. Mwenyekiti wa kundi la malwa ana kazi ya kupanga nani anakaa wapi na mrija wake. Kundi la malwa, kwa kweli, ni bunge bora kuliko ukumbi wa baraza. Kuna chungu kimoja katikati, watu wanane wameshika mirija mirefu, kuna sheria na faini, na hakuna anayeweza kuondoka kwa hasira bila kuacha alicholipia.

Kisha kuna kizindaalo, vile vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo kwenye vituo vya biashara, vinavyotangaza kifo, mbuzi aliyepotea, mkutano wa saa kumi. Kitumie kama mpashaji habari wa mji wote. Kinakuokolea maonyesho mawili ya maelezo kila sehemu, na sauti yake inaweza kurekodiwa studioni siku moja kwa msimu mzima. Angalizo moja tu: kisijue siri. Kinachotangaza kilicholipiwa tangazo ndicho kinachoaminika.

Lugha ipi, kwa nani

Tuseme mji wetu wa kubuni uko mashariki, si mbali na mpaka wa Busia na Malaba, kule ambako baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine zilizaa jina la boda boda. Nyumbani watu wanasema Kisamia au Ateso. Mfanyabiashara aliyetoka Kampala anasema Kiganda. Kumbukumbu za baraza zinaandikwa Kiingereza. Sokoni, kwenye malori na kwenye kituo cha polisi kinatawala Kiswahili.

Kiswahili cha Uganda kina kumbukumbu ndani yake, na mwandishi asiyeijua ataharibu maonyesho. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi kikabaki lugha ya mwanajeshi mlangoni. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Kwa hiyo neno lile lile, «njoo hapa», likitoka kwa kijana wa sokoni linaita mteja. Likitoka kwa askari mbele ya bibi wa miaka 75, bibi anasimama kabla hajafikiri. Tumia tofauti hiyo. Mhusika anapohama kutoka Kisamia kwenda Kiswahili katikati ya ugomvi, amefunga mlango wa undugu na kufungua wa amri au wa biashara.

Kumbukumbu za Kiingereza nazo ni hazina. Diwani hodari, aliyechaguliwa kwa kishindo, anajadili kwa Kisamia na Kiswahili. Katibu anaandika Kiingereza. Kikao kinachofuata diwani anathibitisha kumbukumbu asizoweza kuzisoma. Miezi mitatu baadaye zinasomwa hadharani. Zinasema aliunga mkono.

Upande wa maandishi ya chini ya skrini: mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mmoja, sekunde zisizopungua mbili kwa mstari mrefu. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo fupisha kitenzi kwanza, jina la cheo baadaye. Usitafsiri salamu zote. Salamu ya tano haihitaji maandishi. Macho ya mtu yanatosha.

Mazungumzo

Hapa kuna mfano wa namna mazungumzo yanavyoharibika. Mama wa dagaa amefuata barua ya kumtambulisha benki.

MWENYEKITI: Barua hii ni haki yako, lakini mfumo wetu umejaa rushwa.
MAMA: Sitatoa hata senti! Nitapigania haki!

Hakuna anayezungumza hivyo kwenye veranda ya mtu aliyemzika mama yake. Andika tena.

MAMA: Hodi, mzee mwenyekiti.
MWENYEKITI: Karibu, mama. Vuta hicho kigoda. Watoto hawajambo?
MAMA: Hawajambo, mzee. Nimekuja kwa ile barua.
MWENYEKITI: Ile barua ipo. Ni wino tu, umekauka.
MAMA: (baada ya kimya) Wino ni ngapi siku hizi, mzee?
MWENYEKITI: Ah, mama. Mimi nauza wino?
MAMA: Basi hawa dagaa nimemletea mama wa hapa. Wa Majanji, wa jana.
MWENYEKITI: Yuko jikoni. Mpelekee mwenyewe.

Hakuna aliyetaja rushwa. Hongo imelipwa, haikushikwa na mkono wa mwenyekiti, na mke wake amegeuka shahidi. Katika sehemu ya 19, kamati ya uchunguzi ikiuliza, mke atakumbuka dagaa wa Majanji walikuwa wabichi kiasi gani. Angalia pia heshima: mama hamwiti jina, yeye hamwiti jina, na siku mwenyekiti atakapomwita «wewe» mtaa mzima utasikia.

Chumba cha waandishi

Nafasi ya nusu saa kwenye televisheni inabaki na dakika 22 hadi 24 baada ya matangazo. Gawa hizo kwa maonyesho 11 ya dakika mbili mbili, mengine yakipungua na mengine yakizidi. Hadithi kuu ipewe maonyesho matano au sita, ya pili matatu au manne, ya tatu mawili. Hadithi kuu iwe ya ofisi, ya pili ya nyumba, ya tatu ya mtaa, kisha wiki inayofuata zibadilishane nafasi.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kwanza kitabu cha tamthilia, kurasa 30 hadi 40: ramani ya mji, historia ya kila familia, nani ana deni kwa nani, na orodha ya sahihi. Ramani ichorwe kweli, kwa sababu kisima kikiwa mashariki ya soko katika sehemu ya 2 hakiwezi kuhamia magharibi katika ya 14. Pili, mstari wa msimu ukutani, kadi moja kwa kila sehemu. Tatu, muhtasari wa kila sehemu, kurasa tatu, onyesho kwa onyesho. Ndipo mazungumzo yaandikwe. Anayeandika mazungumzo bila muhtasari uliokubaliwa ataandika mara tatu. Mwisho, mhariri mmoja apitie sauti za wahusika wote, kwa maana waandishi wanne wakiachwa peke yao watamfanya mwenyekiti awe na watoto watatu, wanne, wawili.

Sehemu 26 kwa maonyesho 11 ni maonyesho 286. Timu ya kamera mbili yenye mazoea inarekodi maonyesho manane kwa siku mahali pasipohama sana; siku 36, ongeza sita za mvua na za kukatika umeme. Hesabu hiyo inawezekana tu kama maonyesho 200 au zaidi yanatokea mahali sita pale pale: veranda ya LC1, ukumbi wa baraza, kizimba cha soko, stendi ya boda boda, chungu cha malwa, sebule ya mwenyekiti. Rekodi kwa mahali, si kwa mfuatano wa hadithi: veranda yote ya sehemu tano kwa mkupuo. Hapo mtu wa mwendelezo anakuwa muhimu kuliko mwongozaji. Apige picha ya kila nguo, kila kidonda, na kila tarehe kwenye muhuri. Muhuri wenye tarehe ya Juni katika onyesho la Machi umewahi kumkera kila karani anayetazama televisheni.

Kurekodi mstari

Uchaguzi ukifika, uwe wa mstari. LC1 huchaguliwa kwa watu kupanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, mchana, mbele ya macho ya wote. Hakuna sanduku wala siri. Mke anaonekana yuko nyuma ya nani, na mwenye deni, na mchungaji. Hakuna mbunifu wa mandhari angeweza kukuletea picha bora.

Watu 120 wanatosha. Mpe kila mmoja namba na mchoro: yuko mstari gani, wa ngapi kutoka mbele, amebeba nini. Picha pana zirekodiwe kwanza, kuanzia saa moja asubuhi, watu wakiwa na nguvu na kivuli kikiwa kirefu. Hapa karibu na ikweta jua la saa tano hadi saa nane liko utosini, na macho ya kila mtu yanageuka mashimo meusi. Muda huo tumia kwa chakula na kwa maonyesho ya ndani. Kuanzia saa tisa rudi kwa nyuso: yule anayehama mstari, yule anayejifanya kufunga kamba ya kiatu ili asihesabiwe, mama anayesimama katikati ya mistari miwili akiwa na mtoto mgongoni. Afisa anapita akihesabu kwa sauti. Sauti hiyo irekodiwe mfululizo, kutoka moja hadi mwisho, bila kukatwa, ndipo mhariri apate uti wa kuunganishia picha.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: wapita njia wanajiunga na foleni. Kwenye mji mdogo, foleni ina maana kuna kitu kinagawiwa au kuna majina yanaandikwa. Ndani ya nusu saa mistari yako ya watu 60 ina 90, namba zote zimevurugika, na baadhi wamekuja na vitambulisho vya taifa mkononi. Tangaza siku mbili mfululizo kwenye kizindaalo, peleka barua kwa LC1, karani wa mji na polisi, weka kitambaa kikubwa kinachosema ni maigizo pande zote za uwanja, na weka mtu mstaarabu wa kuwaeleza wazee. Mtu aliyesimama saa moja akidhani ataandikishwa fedha hastahili kufukuzwa kwa ukali.

Upande wa sauti, adui ni bati. Mvua ikianza juu ya paa la bati, acha kurekodi mazungumzo. Hakuna kifaa kitakachokuokoa. Ukumbi ukodishwe wenye dari ya mbao au nyasi, au tundika mablanketi mazito chini ya bati. Jenereta likae mita 50 au zaidi, nyuma ya ukuta, upande upepo unakoelekea. Umeme wa Uganda ni wa mzunguko wa 50, kwa hiyo rekodi picha 25 kwa sekunde na kasi ya shata iwe 1/50, la sivyo taa za mirija ukumbini zitapepesa kwenye skrini.

Rangi, sare na karatasi

Njano, nyekundu, bluu na kijani tayari zina wenyewe katika siasa za Uganda. Mgombea wako akivaa mojawapo, watazamaji wataacha hadithi na kuanza kubishana juu ya chama. Njia rahisi, na ya kweli, ni kuwafanya wahusika wawe wagombea binafsi. Wanaoshindwa kwenye kura za maoni za vyama hufanya hivyo kila uchaguzi, na nembo zao huwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Kiti. Saa. Mpira. Kitu kama hicho kinaingia kwenye mazungumzo bila shida: «Huyo wa kiti amekaa muda mrefu.»

Sare za polisi hazishonwi kwa fundi wa sokoni bila kibali, na za jeshi usiziguse kabisa bila ruhusa ya maandishi. Raia kukutwa nazo ni kosa mbele ya sheria. Onyesho lenye askari sita linaweza kuandikwa upya kwa askari mmoja na sauti ya gari nje ya geti. Jina la mji liwe la kubuni, na lichunguzwe dhidi ya orodha ya vijiji na wadi halisi, maana Uganda ina vijiji vingi na jina unalodhani umelitunga lina mwenyekiti mahali fulani.

Na karatasi za kwenye picha, hasa muhuri. Uchongwe kwa jina la mji wa kubuni, bila nembo ya taifa, na umbo lake litofautiane kidogo na la mihuri ya kweli, tofauti ambayo kamera haioni lakini karani anaiona. Uwe mmoja tu. Ulale kwenye sanduku lenye kufuli, funguo kwa mtu mmoja, na kila unapotoka iandikwe saa na onyesho. Watu watauomba, kuna atakayekuja na barua yake iliyoandikwa vizuri, akiwa na safari kesho. Siku ya mwisho ya kurekodi, muhuri ukatwe kwa msumeno vipande viwili mbele ya mashahidi, vipande vipigwe picha, na picha ibandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari la vifaa.